Posa kutoka Nchi Isiyo na Sarafu

Liverpool, Sydney
16 Mei 2021

Nusra kathibitisha kwa hesabu kwamba nchi yenu ya Uskoti haiwezi kujitegemea! Kaandika kurasa arubaini, kwa Kiingereza, zina michoro ya mistari inayoteremka kama ngazi ya kisima, na profesa wake kamwandikia pembeni kwa wino mwekundu kuwa hii ni kazi ya hali ya juu. Mwanangu! Yule yule uliyesema kaenda chuo kikuu kusomea kuvaa suruali.

Asalaam aleikum, wifi yangu Shemsa. Idi njema, ijapokuwa imekwisha na biskuti zimeliwa. Sisi hatujambo. Kaka yako Mwadini hajambo, anaendesha basi lake, anarudi, anakula, analala, humsikii. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu tangu mimi na wewe tutolewe kwenye kundi la ukoo la WhatsApp kwa kugombana nimeapa sendi kuomba kurudishwa, na namba yako nimeifunga. Karatasi ni bora. Mtu hawezi kuifuta halafu akasema hakusema.

Sasa shughuli. Ile barua ya posa uliyoileta mwezi wa Shaabani, unamtaka Nusra awe mke wa mwanao Yazid na akaishi Glasgow, nimeisoma. Jibu ni hapana. Na usiende ukatangaza kuwa nimekataa kwa chuki za mawifi. Nimekataa kwa uchumi.

Yazid wako namwona kwenye picha, mwezi huu wa uchaguzi wenu, kajitanda bendera ya buluu, anagonga milango ya watu kuwaambia waachane na Waingereza. Vizuri. Mwanangu anamwuliza, kwa adabu ya kisomi: siku mkijitenga mtatumia pesa gani? Mkisema pauni hii hii, basi riba itapangwa London na nyinyi hamna hata kigoda mezani. Huo si uhuru, huo ni kumwacha mume na funguo za kabati akabaki nazo yeye. Mkisema mtachapa yenu, nani ataitaka? Mtu ana deni la nyumba kwa pauni, mshahara analipwa kitu kipya ambacho hata jina hakina. Ataamka siku moja deni limenenepa, mshahara umekonda.

Halafu, wifi, mnatumia kuliko mnachochuma. Kila mwaka! Pengo linazibwa na London. Mwaka jana korona ilipofunga kila kitu, ile mishahara ya watu kukaa majumbani ilitoka wapi? Waingereza walikopa, nyinyi mkala, sasa mnafuta midomo mnadai talaka. Na bidhaa zenu zaidi ya nusu mnawauzia hao hao Waingereza. Mkishaweka mpaka, kila samaki atasimama njiani akisubiri muhuri. Mtaniambia mafuta ya baharini. Mwaka jana mafuta yalishuka bei mpaka wenyewe walikuwa hawajui wayamwage wapi. Kilichobaki ni pombe, hiyo wiski yenu. Alhamdulillahi, uchumi wa ulevi.

Haya yote sikuyatoa kichwani. Nilimwita jirani yangu Lydie, Mkongo wa Bukavu, Kiingereza kimemkaa, akanisomea jikoni kwangu saa nzima. Alipofika mwisho alipiga makofi: "Mama Nusra, huyu mutoto iko na akili mingi, atakuwa ministre!" Nikamwambia huo uwaziri mimi nilijua tangu yuko tumboni, maana alikuwa anapiga teke kwa zamu.

Mtoto ninaye huyu mmoja. Nimemzaa kwa kisu. Siwezi kumtoa nikamweka kwenye nchi ambayo mwenyewe kaandika kuwa haitasimama. Na usidhani namsingizia. Nilipomwuliza habari ya posa alinyamaza kimya, akafungua mkoba, akanipa hizo kurasa arubaini. Jibu gani tena unalitaka?

Wasalaam,
Wifi yako Bimkubwa, mama yake msomi


Glasgow
11 Juni 2021

Mke wa ndugu yangu,

Barua yako imefika inanuka vitunguu. Nilijua ni yako kabla sijatazama mgongo wa bahasha.

Wewe, Bimkubwa, uliyemaliza darasa la saba Wete mkiwa na mwalimu mmoja na chaki moja, leo unanifundisha riba? Mie nilidhani huko unapika uji wa wazee, kumbe umefungua benki.

Nilimpa Yazid asome. Akacheka. Kisha akaniomba anwani ya Nusra, akasema anataka kumjibu hoja kwa hoja. Nimempa. Hoja haziui mtu.

Lakini na mimi nna langu la kusema, maana nchi naishi mimi, si wewe na Lydie wako. Wewe unakaa penye dola yenye kichwa cha Malkia, ambako zamani walikuwa na pauni wakaiacha. Nani alikufa? Tazama Denmaki, watu wao ni kama sisi, hawatuzidi hata milioni moja. Wana sarafu yao, hujawaona wakiomba barabarani. Norwei waliyaona mafuta kwenye bahari hii hii, mwaka ule ule tulioyaona sisi. Wao wakaweka akiba ya wajukuu. Yetu yalikwenda London, yakaliwa, na aliyeyala ndiye leo anatuambia hatujui kutunza.

Na hilo pengo lenu la kwenye michoro, mbona hamsemi limepimwa wapi? Limepimwa humo humo ndani ya ndoa. Mke akae miaka mia tatu katika nyumba ambayo bajeti anaipanga mume, kisha umtolee daftari la mume umwambie, unaona, huwezi kuishi peke yako. Hata weye usiyejua kitu unajua kuwa mke akiondoka hapangi matumizi yale yale.

Soko? Waingereza ndio waliotutoa Umoja wa Ulaya. Huku tulipiga kura ya kubaki. Tumefungiwa duka kubwa ili tubaki na kioski, halafu tunaambiwa tusikiache kioski.

Nikwambie na jambo ambalo halimo kwenye michoro. Nyumba ya wazee ninayofanyia kazi tulipoteza kumi na watatu mwaka jana. Mimi niliwashika mikono tisa kati yao, glavu mbili mbili. Hatuna watu. Nchi imezeeka, vijana wachache, na sheria ya kuingiza wafanyakazi inaandikwa London na watu wasiotaka kuona sura kama yangu na yako. Mlango ungekuwa wetu tungeufungua. Hilo nalo ni uchumi, bibi.

Sasa nije kwenye ujinga wako mkubwa kuliko wote. Mwari kaulizwa posa akanyamaza, weye ukasema kakataa? Tangu lini? Kimya cha mwari ni ndiyo, toka bibi zetu. Alikupa karatasi kwa sababu ulimkodolea macho na hana pa kuyaweka ya kwake.

Na posa haikataliwi kwa barua. Unajua fika. Posa hukataliwa kwa kurudisha kitambaa kilichofunga barua. Kile cha hariri ya kijani, nilichokidarizi yasmini kwa uzi wa dhahabu pembe zote nne, miezi mitatu ya kufungiwa ndani, macho yakaniuma. Kama hutaki, nirudishie. Kikibaki kwako mpaka mwisho wa Agosti, posa imepita, na mimi namhesabu Nusra mkwe wangu.

Tena usisahau mimi ni shangazi yake. Posa ya mtoto wa kaka yangu haijibiwi bila mimi kuulizwa. Basi nimejiuliza, na nimekubali.

Shemsa


Liverpool, Sydney
20 Julai 2021

Unanidai kitambaa! Siku ya Idi ya Mfunguo Tatu, mtu anatia nyama jikoni, posta anamletea barua ya kudaiwa kitambaa!

Nimekitia posta. Tangu Jumatatu, hata barua yako haijafika. Kimekunjwa vizuri, kimefungwa kwenye karatasi ya khaki. Ndege haziruki kama zamani, kila kitu kimechelewa, basi kikikawia usiniandame mimi, iandame korona.

Na kuhusu kupiga hodi na kujiitikia karibu mwenyewe, hongera. Sijapata kuona mwanamke anaposa, anaposwa, na anajitolea shahada.

Denmaki nimekusikia. Denmaki hawakuanza jana. Nyinyi mtaanza na mzigo, maana mkitoka mtakatiwa fungu lenu la deni la Uingereza, na aliyejitenga mpya hukopeshwa kwa bei ya mgeni. Hayo yamo ukurasa wa kumi na tisa. Umeme wenu wa upepo mtamuuzia nani wakati nyaya zinakwenda kwa yule yule mliyemwacha? Na hiyo pauni unayosema watu wa huku waliiacha, Lydie kaitafuta kwenye simu. Ilikuwa pauni yao wenyewe, ya Australia, siyo ya Waingereza! Miaka na miaka walikuwa nayo kabla ya hiyo dola. Umeanguka, wifi. Inuka, jipanguse vumbi.

Wale wazee kumi na watatu nimewaombea dua. Mungu awarehemu, na wewe akulipe. Hapo sikutanii.

Huku tumefungwa. Si Sydney nzima kama sisi, wakubwa wametuchagua sisi wa magharibi. Liverpool, Fairfield, huko Cabramatta ninakonunua uzi, hatutoki isipokuwa wenye kazi za lazima na kibali. Helikopta ya polisi inazunguka juu ya paa kutwa. Mimi nna kibali cha jiko la wazee, naruhusiwa kwenda kupika uji, wenyewe unaoucheka. Kwenda Kensington, huko chuoni, kumwona mwanangu siruhusiwi. Treni na tramu, haizidi saa moja na nusu, siruhusiwi. Wiki ya nne sasa.

Lakini mimi sikai nikalia. Toka waseme barakoa ni lazima nimetoa cherehani. Nashona za hariri, tabaka mbili, zinakaa usoni kama zimezaliwa hapo, si hayo makaratasi ya buluu. Lydie nimempa. Mumewe Wilondja kaivaa kazini kwake bohari, msimamizi wake kamwuliza kainunua wapi. Nusra nimemtilia kwenye bahasha ile barakoa iliyo nzuri kuliko zote. Nyinyi huko endeleeni na bendera, sisi tuna kazi.

Posa ni hapana, na kitambaa kiko njiani.

Bimkubwa


Glasgow
27 Agosti 2021

Bimkubwa, Bimkubwa, Bimkubwa.

Jana Yazid kanionesha picha. Nusra kasimama kituo cha tramu Kensington, jua la asubuhi, kavaa barakoa. Barakoa ya kijani. Kwenye shavu la kushoto kuna yasmini ya uzi wa dhahabu, petali tano, na ile ya chini imepinda kidogo kwa sababu siku ile niliidarizi nikiwa na homa.

Nimecheka mpaka mwenzangu wa zamu kaja mbio akidhani kuna mgonjwa.

Kwa hiyo karatasi ya khaki, siyo? Umekitia posta, siyo? Ulikikata! Umeshika mkasi ukakata posa ya watu! Mwongo weye, tena mwongo wa hovyo, maana mwongo hodari asingeishona usoni akaitembeza mjini.

Sasa nitafutie kwenye kurasa arubaini desturi inayosema mwari akikivaa kitambaa cha posa mchana kweupe maana yake ni hapana.

Na kwa kuwa umependa kujua mambo, jua na haya. Hao watoto wanaandikiana kila siku tangu Juni. Walianza na sarafu. Wiki ya pili wakawa kwenye deni. Sasa sijui wako wapi, lakini mwanangu anatabasamu akitazama ukuta. Tena Nusra kamharibu. Juzi Yazid kawaambia wenziwe wa bendera kuwa suala la sarafu hawajalifikiri vya kutosha, wakamwangalia kama katukana. Nilimlea mwanaume mwenye msimamo, mwanao kampa mashaka kwa njia ya posta.

Unasema humtoi mwanao kwenda nchi isiyo na hakika. Miye nakumbuka mwaka tisini na nane. Mama yako, Bi Time, alikataa kata kata usimfuate kaka yangu. Alisema Australia hakuna nazi, hakuna muhogo, na pesa yao Wete haibadilishwi. Alikuwa na hesabu zake kama Nusra, tena kazipanga kwa kokoto juu ya mkeka. Nani alipanda meli kwenda Pemba kukuombea? Nilitapika toka Unguja mpaka Mkoani. Nikakaa na mama yako siku tatu, nikimchambulia mchele na kumwambia, mwanao si mjinga, atakula atakachokikuta. Siku ya nne alifagia zile kokoto mwenyewe, akakuruhusu.

Hukunishukuru hata siku moja. Sidai. Nakukumbusha tu ulivyokuwa.

Shemsa, shangazi wa bibi harusi na mama wa bwana harusi


Kensington, Sydney
20 Septemba 2021

Mama, shikamoo.

Naandika Kiswahili. Nikiandika Kiingereza utampa Mama Lydie asome, na hii ni ya kwako peke yako. Aline ninayekaa naye amenisaidia maneno mengine. Makosa ni yangu.

Kwanza asante kwa barakoa. Nilipofungua bahasha nilikaa chini. Kitambaa hicho nakijua, shangazi alinionesha kwenye simu mwaka jana wakati anakidarizi, hakuniambia ni cha nini, lakini nilijua. Nilikuwa naogopa sana kukuuliza tena habari ya Yazid. Siku ile Liverpool uliponiuliza sikuweza kusema, macho yako yalikuwa makali, nikakupa nilichokuwa nacho kwenye mkoba. Halafu posa ikaja umeishona kwa mkono wako ili niivae. Mama, wewe hujui kusema "nimekubali." Wewe unapika au unashona. Nimelia, Aline akadhani kuna msiba.

Jambo la pili. Ulisoma nusu ya kwanza. Nilikwambia ni nusu lakini nadhani hukunisikia, ulikuwa unampigia simu Mama Lydie. Nusu ya kwanza ni hoja za wanaokataa uhuru wa Uskoti. Nusu ya pili ni hoja za wanaoutaka, nimeimaliza juzi. Mwisho nimeandika kwamba pande zote mbili zina kweli. Miaka ya mwanzo itakuwa migumu, labda kumi, labda zaidi. Anayesema itakuwa rahisi anadanganya, hilo nimemwambia Yazid na tuligombana siku nne. Lakini anayesema haiwezekani naye anadanganya. Nchi ndogo nyingi zinaishi vizuri. Hesabu inakuonesha bei ya kitu. Haikwambii ununue au usinunue.

La tatu ndilo gumu. Yazid alisema atakuja yeye kuishi Sydney ili usibaki peke yako. Mimi ndiye niliyekataa. Nataka kwenda. Nimeomba nafasi ya masomo ya juu Glasgow. Najua bei yake, Mama. Wewe ndiye sehemu kubwa ya bei.

Wakifungua njia, njoo. Nitapika. Usicheke.

Mwanao,
Nusra


Liverpool, Sydney
12 Februari 2022

Wifi,

Nimekuweka roho juu miezi mitano, na si kwa bahati mbaya. Uliniita mwongo wa hovyo. Nikasema basi na akae, ahesabu siku, ajue wifi yake ana uwezo gani hata bila kufungua mdomo. Najua Yazid kakwambia watoto wameshaelewana. Watoto waelewane wanavyotaka. Ndiyo ya nyumba hii inatoka kwangu, na leo naitoa, lakini utaisoma mpaka mwisho kwanza.

Kitambaa sikukikata kwa dharau. Aliyeufungua mzigo wako ni kaka yako. Barua kaitia mtotoni mwa meza, hariri kaitupa kwenye kapu langu la vitambaa, kwa kuwa mwanaume akiona nguo haina mikono anajua ni tambara. Miezi mitatu baadaye natafuta kitu cha kushonea barakoa, nikashika mkasi. Barua yako ya kudai ilinikuta mimi nimeshakata tisa. Ningekwambia nini? Nikaandika karatasi ya khaki. Haya, umefurahi? Kunywa maji.

Nusra anaamini nilikusudia. Siku waliyotufungulia, Oktoba, nilipanda treni ya kwanza kwenda kumwambia ukweli. Nilikuwa nimelipanga neno langu kituo kwa kituo: mwanangu, lile lilikuwa tambara, mimi sijakubali kitu, huendi popote. Nikafika Kensington, nikagonga. Kafungua amevaa ile ile, imefuliwa mpaka dhahabu imeanza kutoka. Miezi mitatu na nusu sijamwona. Nikamwambia, "Vua." Akadhani nataka kumwona uso. Akavua, akacheka, na meno yake yale ya baba yake.

Sikusema. Nimesema mambo mengi maishani mwangu ambayo hayakutakiwa kusemwa, mengine nimekwambia wewe. Hilo moja nililimeza. Na wewe utalimeza. Mimi nikifa pia usiseme.

Akanipikia wali ukawa bokoboko. Nikala. Kisha akanisomea ile nusu ya pili, anatafsiri papo kwa papo, Aline anamsaidia maneno. Mimi nikamshambulia. Nikamtupia sarafu, akaidaka. Nikamtupia deni, akasema Mama, fungu la deni linajadiliwa pamoja na fungu la mali, anayebeba deni hatoki mikono mitupu. Nikamtupia mpaka wa samaki, akasema hapo una haki, hapo wataumia, na akanionesha nilipo na haki kwenye mchoro wake. Nikamwambia Waingereza ndio waliowalisha wakati wa korona. Akasema walikopa kwa jina la wote, na Waskoti nao watalipa. Saa mbili, wifi! Kila nilipodhani nimembana, katoka upande wa pili. Mwisho nikanyamaza mimi. Mimi! Aline aliandika tarehe ukutani.

Kwa hivyo nakwambia kwa kiburi changu chote: mwanangu kanishinda mama yake. Mtu aliyeweza kunishinda mimi jikoni, hao Waskoti wako hawatamtisha, wawe na sarafu au wasiwe nayo. Digrii yake kapata daraja la kwanza, cheti kiko sebuleni, fremu yake kubwa kuliko televisheni. Glasgow wamempokea, aanze Septemba. Nyinyi huko mmepata mtu wa kuwafundisha, hamkustahili.

Nasema ndiyo. Siyo kwa sababu ya yasmini yako yenye petali iliyopinda. Siyo kwa sababu ya hoja zako za kioski. Na nchi yenu bado naidharau, mvua na upepo na watu wanaokula tumbo la kondoo. Kama mtajitenga, jitengeni mwanangu akiwa ameshapata digrii ya pili, awaongoze. Kama hamtajitenga, acheni kelele watu wasome.

La Pemba umelisema, nami nalijibu mara moja tu. Ulitapika njia nzima, najua, mama alinihadithia. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango siku zote tatu, nasikia unavyoniombea. Sikukushukuru kwa sababu sikutaka ujue nilikuwa nikisikiliza. Haya, ahsante. Usijibu hapo, utaniharibia.

Sasa masharti, na hayana mjadala. Ndoa inafungwa huku, siyo kwenu. Yazid aje na kanzu, bendera aiache nyumbani. Wewe ukae upande wetu wakati wa kujibu na upande wenu wakati wa kuuliza, na viti nitakuwekea mbali mbali ili utembee kidogo. Biriani napika mimi. Lydie na Wakongo wake wataleta sombe, kisamvu chao, na muziki, nimewaambia sombe karibu, muziki baada ya kadhi kuondoka. Kaka yako atavaa suti, nimeshamjaribisha, inafunga. Ile namba yako nimeifungua, lakini usipige kabla hujapata tiketi.

Serikali inafungua mpaka kwa wageni tarehe ishirini na moja mwezi huu, kwa waliochanja. Najua umechanja, wewe huogopi sindano, unaogopa meli tu. Waambie wote, wa Glasgow, wa London, na hao wa kundi la ukoo waliotutoa nao waje wale kwa aibu. Tunafunga Ramadhani kwanza, tunasherehekea Idi, halafu ni ukumbini hapa Liverpool, baada ya Alasiri, Jumamosi tarehe 14 Mei.

Bimkubwa